Kumtoa Nguluma Darajani

"Bado," nilisema, nikavua kilemba nikakiweka mezani.

Upande wa pili wa meza Madam Shamsa alishusha pumzi polepole. Hakuwa mtu wa kukasirika yule mama. Alikuwa na sauti ya kubembelezea wagonjwa, na alikuwa amenunua kiwanda kizima cha chai kilichokufa, nje kidogo ya Njombe, akakigeuza studio kwa ajili ya kitu kimoja tu: kutengeneza mchezo wa kompyuta wa Ngumi za Kipengere, sehemu ya tano. Kwa hilo peke yake ningeweza kumwosha miguu.

"Bado nini, mdogo wangu? Nieleze. Ni sura?"

"Sura ni yeye. Nguluma mtupu. Anavyotema mate pembeni akipigwa, anavyojifuta kwa ule mkono wenye bandeji, sina neno."

"Sauti?"

"Sauti ni yeye."

"Basi?"

"Ngumi haina uzito, Madam. Akipigwa naona amepigwa, lakini mwilini mwangu hakuna kitu. Zamani nilikuwa nasikia. Nilikuwa nasikia mpaka machozi yananitoka."

Kwenye kona, Mgaya, fundi wa mitambo, aliinama kusoma saa yake ya kupimia, yenye mshale mwekundu. "Kweli, Madam," alisema. "Mshale umelala."

Huo mshale ndio uliokuwa hakimu pale. Kilemba kina kazi mbili. Kinakuletea kichwani kile anachosikia mpiganaji wa kwenye kioo, na hapohapo kinapima wewe umeguswa kiasi gani. Mdomo unaweza kusema lolote, ila mshale hauna adabu, unasema ulichonacho. Tatizo ni kwamba sheria inabana. Mchezaji haruhusiwi kuletewa maumivu yanayozidi ya kung'atwa na siafu mmoja. Kwa hiyo kila kinachonaswa kwa mpiganaji hupunguzwa, hupunguzwa tena, mpaka kifike kichwani kwako kimebaki mchuzi bila nyama.

"Sawa," Madam Shamsa alisema. "Mgaya, kesho ongeza gia."

Sikuuliza gia ya nini. Nilikuwa na furaha mno kuuliza maswali. Jamani, mimi ndiye niliyeanzisha ile kampeni ya Mtoeni Nguluma. Sehemu ya nne iliisha Nguluma akiwa katikati ya daraja la kamba, Bwana Chokaa, adui yake, kamwekea nondo shingoni, halafu kioo kikawa cheusi na neno moja likaandikwa: Itaendelea. Haikuendelea. Waliokuwa wakiitengeneza walifilisika, wakatawanyika, na sisi watoto wa Makambako tukabaki tumekodoa macho. Nimemaliza shule, Nguluma yuko darajani. Nimeolewa, nimeachika, Nguluma yuko darajani. Wenzangu walitafuta viwanja na waume, mimi nikatafuta sahihi za watu mtandaoni mpaka nikapewa jina la kichaa, na mwishowe Madam Shamsa akanipigia simu akasema, njoo uwe hakimu wetu, Lusungu Chaula, wewe ukisema ndiyo, mchezo tunautoa.

Sasa mtu kama mimi aseme ndiyo ya uongo? Aa wapi.

*

Nilikuwa najua kwamba nyuma ya ukuta kuna mtu. Kompyuta inaweza kutunga sura, sauti, hata machozi, lakini maumivu haijaweza. Maumivu ya kutungwa ukiyavaa unasikia ganzi tu, na kichefuchefu. Lazima yanaswe kwa mtu mwenye mishipa. Nilikuwa nimeambiwa kuna mwigizaji anayevaa vazi la nyuzi, wanaliita ngozi, na kwamba anapigwapigwa kidogo. Akilini mwangu niliweka magodoro na glavu. Niliweka na chai ya maziwa baada ya kazi.

Siku iliyofuata, saa ya chakula, nilikuwa kantini napambana na ugali wa baridi, akaja mwanaume mmoja akasimama mbele yangu na bakuli la uji. Mrefu, mabega ya mtu wa ngumi. Jicho moja lilikuwa limefungwa na uvimbe. Mdomo wake ulikuwa na nyuzi za daktari.

"Kamwene, dada," alisema. "Wewe ndiye Bi Bado?"

"Nani?"

"Usiwe mkali. Ndivyo wanavyokuita huku nyuma. Kila jioni Mgaya anarudi anasema, Bi Bado kasema bado." Akavuta kiti, akakaa kwa tahadhari, mkono mmoja ukishika ubavu. "Mimi ni Ezekia Mlowe. Nguluma wako."

Nilibaki na tonge mkononi. "Wanakupiga kweli?"

"Sasa ulidhani wananipapasa?"

"Mimi sikuambiwa. Haki ya Mungu, kaka Ezekia, sikuambiwa."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja nikuone uso." Alikunywa uji kidogo kidogo, kwa upande wa mdomo uliokuwa mzima. "Wala sina ugomvi na wewe. Nilisaini mwenyewe. Nilikuwa bondia, Tunduma, nimepigwa na watu wasiojua hata wananipigia nini. Hapa angalau najua. Hata mimi nataka atoke pale darajani."

Kumbe naye alikuwa mgonjwa wa ugonjwa wangu. Alianza kuusimulia mchezo, mimi nikamdakia, tukaenda hivyo, yeye anaanza mimi namalizia: pango la popo, mlinzi mwenye kigugumizi, yule mbwa wa Bwana Chokaa ambaye hakuna mtu aliyewahi kumshinda bila kuruka ukuta. Nilikuwa sijapata mtu wa kuongea naye vile kwa miaka. Nikasahau uso wake ulivyokuwa, mpaka alipocheka na uzi mmoja ukakatika.

"Ulikuwa unachezea wapi?" nilimuuliza.

"Sebuleni kwa mjomba. Alikuwa na mashine yake, hakuzaa, nikawa nacheza peke yangu mchana kutwa." Alijifuta damu kwa leso. "Ila dada, nikuulize na wewe. Jioni wakishaniganga, huwa naomba kilemba nijaribu. Mimi naona ni yeye kabisa. Tangu wiki ya kwanza, nilipokuwa nachubuliwa tu. Wewe unatafuta nini ambacho mimi sikioni?"

Nilimwambia kuna uzito, kuna kitu kilikuwepo. Hata Onesmo Sanga, rafiki yangu wa utotoni niliyekuja naye mwezi uliopita, alivaa akasema hivyohivyo: kuna kitu hakipo.

"Basi kitafuteni vizuri," Ezekia alisema. "Lakini kitafuteni haraka."

*

Nilimvaa Madam Shamsa ofisini kwake bila kubisha hodi. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo mdomoni, na mimi nikikasirika sichagui maneno. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akasema, "Hasira yako ni ya haki. Njoo basi uhukumu ukiwa unaona. Pengine ukiona, utajua unachokitafuta."

Akanipeleka kwenye ukumbi waliokuwa wakikaushia majani ya chai. Harufu yake ilikuwa bado imo ukutani. Sisi tulikaa nyuma ya kioo kinene, mimi na kilemba changu, Mgaya na vitufe vyake. Ndani, kutoka kwenye reli ya juu, ilining'inia mashine yenye mikono miwili ya chuma, ngumi zake zimevishwa ngozi ya ng'ombe. Wafanyakazi walikuwa wameipa jina Shangazi.

Ezekia alisimama chini yake, nyuzi zimembana kuanzia shingoni hadi vifundoni. Aliponiona aliinua mkono. Kwenye kioo kidogo pembeni yangu Nguluma naye aliinua mkono, darajani, upepo ukimpeperushia bandeji.

"Gia ya tano," Mgaya alisema.

Ngumi ya kwanza ilimwingia tumboni. Ezekia alijikunja, akakohoa, akanyooka. Ya pili ilimpata taya, kichwa kikageuka, mate na damu vikaruka vikagonga kioo mbele ya uso wangu. Nguluma alitema pembeni akajifuta. Kichwani mwangu nilisikia kitu kidogo, kama mtu amenigusa begani kuniomba njia.

"Gia ya sita."

Safari hii Shangazi alipiga chini ya mbavu, palepale alipokuwa amepashika kantini, na nilisikia ubavu ukivunjika. Ezekia hakupiga kelele. Alitoa mlio mfupi, akaenda chini kwa goti moja, akaweka kiganja sakafuni. Damu ilimtoka mdomoni ikining'inia bila kukatika.

"Imetosha," nilisema. "Hiyo hiyo. Ndiyo yenyewe, Madam. Tumempata."

Madam Shamsa alimtazama Mgaya. Mgaya alitazama saa yake, akanitazama mimi, akalamba midomo. Nilimkazia macho. Nilimwomba kwa macho kila kitu nilichoweza kumwomba mtu.

"Mshale umelala, Madam," alisema.

"Lusungu, mdogo wangu." Aliniwekea mkono begani. "Huruma yako nimeiona, na sikulaumu. Lakini ukinidanganya leo, mashabiki wako watanipasulia ukweli siku ya kuutoa mchezo, halafu mateso yote ya Ezekia yatakuwa ya bure. Unataka yawe ya bure?"

"Nataka aache kupigwa."

"Muulize mwenyewe."

Mgaya alifungua kipaza sauti. Nikamuuliza Ezekia kama tuache. Aliinua uso, jicho moja limefumba, akatafuta kioo chetu mpaka akakipata. "Twendeni," alisema, maneno yakitoka na damu. "Tumtoe huyu mtu."

"Gia ya saba," Madam Shamsa alisema. "Mapigo matatu."

La kwanza lilimpata begani likamzungusha. La pili lilikuwa la nondo. Ndivyo mchezo ulivyotaka: Bwana Chokaa anainua nondo, anampiga Nguluma kwenye upande wa kichwa. Mkono wa Shangazi ulirudi nyuma hadi mwisho wa reli, ukaja. Nilisikia mlio wake kupita kioo kinene kama kile, na sitausahau. Ezekia alianguka chali. Sikio lake la kushoto lilianza kutoa damu nyembamba, yenye majimaji, na visigino vyake vikawa vinapigapiga sakafu vyenyewe.

Na mimi, wakati huohuo, nilikuwa nimefunika utosi wangu kwa mikono miwili.

Nilijiona kwenye kioo, nimejikunyata, mabega yamepanda masikioni, mikono imeziba utosi. Hakuna kitu kilichokuwa kinakuja juu ya kichwa changu. Shangazi alikuwa upande wa pili. Lakini mwili ulikuwa unangoja kitu, na haukupata, na nilijua palepale kwamba hicho ndicho nilichokuwa nakisubiri muda wote niliokuwa nikisema bado.

Konzi.

Nyuma ya stendi ya Makambako palikuwa na kibanda cha gemu cha jamaa mmoja aliyeitwa Tulizo. Tulikuwa tunajazana kwenye benchi, mmoja na pedi, wengine nyuma yake wakingoja zamu. Hela ya kuwekeana dau hatukuwa nayo, kwa hiyo tuliwekeana vichwa. Nguluma wako akila ngumi, aliye nyuma yako anakushushia konzi utosini, papo hapo, na akila nondo unashushiwa mawili. Onesmo Sanga alikuwa na konzi la kumwaga machozi. Hakuna aliyeona ajabu. Ilikuwa sehemu ya kucheza, hivyo hatukuisimulia kwa mtu, na baadaye hata sisi wenyewe hatukuikumbuka. Tulichokumbuka ni Nguluma kupigwa, na kuuma.

Mashine za zamani zile hazikuwa na kilemba. Hazikuwa na njia yoyote ya kukufanya usikie kitu. Sasa uzito ule ningeupata wapi, kama si kwenye kifundo cha kidole cha Onesmo? Ezekia alicheza peke yake sebuleni kwa mjomba wake, ndiyo maana hakuona kilichopungua. Kwenye mchezo hakikupungua kitu. Walikuwa wanamvunja mtu mzima mbavu wakitafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwamo.

"Simamisha!" nilimpigia kelele Mgaya. "Simamisha hiyo mashine, mtamuua."

Kidole cha Mgaya kilikuwa juu ya kitufe, macho yake kwa Madam. Shangazi alikuwa ameshaanza kurudisha mkono kwa pigo la tatu.

"Kwa sababu gani?" Madam Shamsa aliuliza.

Nataka hapa nieleweke. Ningeweza kusema nimekosea. Ningesema, Madam, hakuna kilichopotea, ni akili yangu ya kitoto, mimi na Onesmo ndio wabovu, tafuta mahakimu wengine. Ingetosha. Angeusimamisha mkono, angenifukuza, pengine angefunga studio. Nguluma angebaki darajani mpaka mimi naingia kaburini. Na nilimjua Madam Shamsa vya kutosha kujua kwamba nikimwambia konzi, hatasikitika, atauliza linapigwaje. Nilijua kabisa litatua kwenye vichwa vya nani. Muda nilikuwa nao wa kuyafikiria hayo yote mawili, usidhani sikuwa nao.

"Ni konzi," nilisema. "Tulikuwa tunapigana makonzi."

Madam Shamsa aliinua kidole. Mkono wa Shangazi ulisimama juu ya uso wa Ezekia, ukiyumba.

Nilimweleza kwa haraka, maneno yakigongana. Hakunikatiza. Nilipomaliza alimwambia Mgaya atafute mnaso wa wiki ya kwanza kabisa, ule mwepesi, uliochukuliwa siku Ezekia alipochubuliwa tu. Mgaya akauweka. Nguluma akatokea darajani. Bwana Chokaa akainua ngumi.

"Samahani, dada," Mgaya alisema nyuma yangu, akanishushia konzi la utosini.

Mungu wangu. Alikuwa yeye. Ngumi ilimpata Nguluma nikaisikia hadi kwenye meno, na joto la kile kibanda likanijaa kifuani, na kelele za wenzangu, na woga ule mtamu wa kungoja lijalo. Mshale ulipanda ukagonga ukingo wa saa ukabaki hapo ukitetemeka. Nilikuwa nalia. Nilikuwa nacheka pia, kwa sauti. Nikamwambia Mgaya, tena, piga tena, na Mgaya akapiga tena.

Walikuwa wanampitisha Ezekia kwenye machela, mlango ulikuwa wazi. Jicho lake zima lilikuwa linanitazama. Mimi sikuacha kucheka, kwa kuwa sikuweza.

*

Sheria ya michezo imejaa kurasa kuhusu mishipa na ishara za ubongo. Kuhusu kinyundo kidogo cha mninga, kilichofungwa kwa springi juu ya kilemba ili kishushe konzi kila Nguluma akipigwa, haisemi chochote. Mawakili wa Madam Shamsa waliisoma mbele na nyuma. Kinyundo ni kifaa cha kuchezea, basi. Watu wenyewe wangeweza kukiondoa, kwa hiyo Madam akahakikisha mchezo hauwaki mpaka kinyundo kiwe kimefungwa kwenye kichwa cha mtu, chenye joto la mtu.

Wiki mchezo ulipotoka, nchi nzima ilishikwa. Watu ambao hawajawahi kufika Makambako, ambao hawakujua hata konzi la Onesmo Sanga lilikuwaje, waliandika wakilia kwamba ndiyo yenyewe, ndiyo ya utotoni, imerudi. Watoto walienda shule na manundu wakiyaonyeshana. Sokoni Njombe mama mmoja alinitambua kwa tangazo, akavua kandambili akanipiga nayo usoni mbele za watu, mara mbili, akaniambia mwanawe anatapika tangu juzi na hataki kuacha kucheza. Sikumrudishia. Nilisimama mpaka akachoka mwenyewe, nikaokota nyanya zangu.

Mimi nilikuwa sijacheza. Pakiti yangu ilikuwa kabatini haijafunguliwa. Kila nilipoigusa, niliona lile jicho kwenye machela.

Mwisho nikaibeba nikapanda basi la Tunduma.

*

Ezekia alikuwa amekaa barazani kwao, mchana kweupe, kofia ya sufu kichwani. Alikuwa amekonda. Aligeuza kichwa chote ili anielekezee sikio la kulia, maana la kushoto lilikuwa limekufa. Chini ya kofia, aliniambia, kuna kipande cha chuma badala ya mfupa.

"Karibu, Bi Bado," alisema. Hakutabasamu, ila hakunifukuza.

Aliniingiza ndani, akakaa kitini. Chini ya kioo cha televisheni kulikuwa na pakiti nyingine kama yangu. Kampuni ilimtumia zawadi, na kadi yenye maua. Aliniona nikiitazama.

"Daktari kasema kichwa hiki hata kofi la mtoto lisikiguse," alisema. "Na ule mchezo bila konzi hauwaki. Nimejaribu. Nilifunga kile kidude kwenye boga, kwenye sufuria ya maji moto. Unajua kutofautisha, shetani yule." Aliionyesha pakiti yangu kwa kidevu. "Wewe umeshamtoa?"

"Sijaufungua."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nataka umtoe wewe." Nilitoa kilemba kwenye pakiti, kinyundo kikiwa juu yake, nikakaa chini sakafuni mbele ya kiti chake. "Mimi navaa. Wewe shika pedi."

Alikitazama kile kinyundo. "Kila nikikosea kinakupiga wewe?"

"Ndiyo."

"Dada, mimi sijashika pedi tangu nitoke hospitali."

"Basi nitapigwa."

Nilikifunga kidevuni. Kioo kikawaka. Kamba za daraja, upepo, bandeji, nondo shingoni, palepale alipoachwa. Ezekia alivuta pumzi akasahau kuitoa. Nilimsikia nyuma yangu akisema kwa sauti ndogo, "Huyu hapa. Huyu hapa ndugu yangu."

Na alijua kucheza, jamani. Alimwinamisha Nguluma nondo ikapita juu. Alimzuilia ngumi kulia, akazuia kushoto, akamrusha nyuma kwenye ubao mmoja uliooza bila kuukanyaga. Nilikuwa nimejikunja nikingoja, utosi unawasha, na hakuna kilichokuja. Alikosea mara moja tu, karibu na katikati. Kinyundo kikashuka. Lilikuwa konzi zito kuliko la Mgaya, na macho yangu yakatoka maji.

Pedi ikanyamaza. "Pole, dada. Umeumia?"

"Endelea, kaka."

"Umesikiaje?"

Sikutaka kumdanganya. Nilikuwa nimeshamdanganya Madam Shamsa mara moja kwa ajili yake na haikumsaidia. "Kama zamani," nilisema. "Tamu, kaka Ezekia. Samahani, lakini ni tamu."

Aliendelea kucheza, na sasa alicheza vizuri zaidi. Alimrudisha Bwana Chokaa hatua kwa hatua, akamnyang'anya nondo akaitupa mtoni, akampita. Mbele palibaki mbao chache, kisha nyasi, kisha njia inayopanda mlimani. Hiyo ndiyo niliyokuwa nimeingoja ujana wangu wote. Nilianza kulia kabla hajafika. Nguluma alikanyaga ubao wa mwisho, mguu mmoja ukagusa nyasi.

Akasimama. Halafu akageuka.

"Kaka," nilimwambia, "njia ni kule mbele."

"Naiona," Ezekia alisema.

Alimrudisha Nguluma darajani, ubao kwa ubao, mpaka katikati, mbele ya Bwana Chokaa aliyekuwa anainuka. Hapo akamshusha mikono yote miwili. Ngumi ilikuja, na hakuizuia. Kinyundo kilinishukia utosini. Ikaja nyingine, naye akaiacha impate Nguluma.

Nilisubiri aseme pole. Nilimsikia tu anavyohema juu yangu, na kiti kikilia alivyosogea mbele aone vizuri.

"Aa," alisema. "Sasa nimeuona huo uzito."

Damu ya joto ilikuwa inanishuka nyuma ya sikio. Mkanda wa kidevuni ulikuwa umelegea, kilemba kimeanza kuhama. Nilikiweka sawa kichwani, nikakaza mkanda, nikanyoosha shingo.